Karatasi Zilizonuka Mafuta ya Taa

Mjukuu wangu, aliyemaliza kidato cha sita, alinikuta juzi nikiota jua nje. Akasema, kwa uhakika wa kijana, "Ako, babu yangu, watu wa Mbulu walianza kukikataa chama tawala mwaka 2010." Nilimwambia avute kigoda akae. Si kosa lake, hakuna aliyemweleza.

Nilihakiki mwaka wa mara ya kwanza kabla ya kuandika haya: ulikuwa 1960, mwezi wa Agosti. Ninachokumbuka ni duka.

Lilikuwa duka moja la mabati, njia inayotoka ziwani ilipokutana na njia ya misheni. Asubuhi ukungu wa ziwa Tlawi ulipanda mpaka mlangoni, na kabla hujaliona duka ulikuwa umeshalisikia kwa pua: mafuta ya taa, sabuni ya mche, tumbaku ya kusokota, na magunia ya chumvi yaliyonyonya unyevu. Mwenye duka alipima mafuta kwa kikopo, akayamimina kwa faneli bila kudondosha hata tone. Magazeti yalimfikia yakiwa yamechakaa. Aliyasoma kwa sauti kwanza, taratibu, na wasiojua Kiswahili vizuri wakitafsiriwa Kiiraqw pembeni; ndipo alipoyachana akafungia sukari. Hakufungia sukari kwa habari ambayo watu hawajaisikia.

Chini ya meza alikuwa na bati la biskuti. Humo wazee walimwekea stakabadhi za kodi, vyeti vya ubatizo, na mwaka ule karatasi za kujiandikisha kupiga kura, kwa kuwa paa za udongo za tembe zetu zilivuja. Zote zilinuka mafuta ya taa. Baba aliandikishwa kwa sababu misheni ilimfundisha kusoma. Mama, aliyelima ekari nyingi kuliko baba, hakuandikishwa: sheria ilidai kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au kuwa na wadhifa. Mama alikaa kimya siku nzima, na nakumbuka ukimya ule.

Nchi nzima ilikuwa na viti 71, na vingi vilipata mtu bila kupingwa. Kwetu walisimama wawili. TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mwana TANU, akasimama kama mgombea binafsi. Pale dukani sikumsikia mtu akiitukana TANU. Waliipenda. Walichobishania ni mtu: amelelewa na nani, hukaa na wazee akawasikiliza, akipewa neno hulifikisha? Walibishana kama katika mkutano wa wazee, ambapo anayeomba slufay, dua yetu ya baraka, hutamka na wengine wote huitikia, hadi kauli iwe ya wote. Kisha kila mmoja akaingia peke yake na karatasi yake. Sarwatt akashinda. TANU ilipata viti 70, na kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Kilichosemwa dukani kilikuwa hivi: chama ni chetu, lakini mtu tunamchagua sisi.

Mwaka 1965, masharti yale yakiwa yameondolewa, mama alipiga kura yake ya kwanza, baina ya jembe na nyumba, alama za wagombea wawili wa TANU. Alama alizielewa. Alichouliza ni nani amelishika jembe, na kwa wazazi gani. Miaka ya picha na kivuli, ya mgombea mmoja wa urais, ilipita hivyo hivyo: kwa rais hapakuwa na mjadala, kwa mbunge ulikuwepo.

Ndiyo maana mwaka 1995, Wilbrod Slaa alipoachwa na CCM, chama kilichoirithi TANU, katika uteuzi kule Karatu, iliyowahi kuwa sehemu ya wilaya yetu, akasimama kwa CHADEMA na akachaguliwa, wazee wa huku hawakushangaa. Mwaka 2010 jimbo la Mbulu nalo lilimwacha waziri, Philip Marmo, likamchukua Mustapha Akunaay wa CHADEMA. Vijana wakaita mapinduzi. Nikaona Agosti ile ya utotoni. Mwaka 2015 jimbo likagawanywa mawili, CCM ikayarudisha yote mawili. Yaliyofuata mjukuu wangu anayajua kuliko mimi.

Linaloniudhi si chama gani kinashinda. Ni kwamba siku hizi tunaletewa jina, fulana, na kilo ya chumvi, nasi tunapokea bila kuuliza swali la dukani. Duka lenyewe limebomolewa. Pamejengwa fremu tatu za kuchajia simu.

Nilimtolea mjukuu bati la biskuti, ambalo baba alilipata mwenye duka alipofariki. Akalifungua, akainamisha uso. "Bado linanuka," akasema.

Nikamwuliza, "Huyo unayetaka kumpigia kura, kwao ni wapi?"

Akatoa simu yake atafute. Nikamshika mkono taratibu, nikamwambia hilo haliulizwi simu. Jumapili, baada ya misa, tutakwenda kwa wazee wake tukaulize.