Boriti za Kuazima

Babu yangu alikuwa na nyumba ya mawe kule Pangani, urithi wa wazee wake. Vyumba vyake vilikuwa virefu na vyembamba kama mitumbwi. Utotoni nilimuuliza kwa nini wajenzi hawakuvipanua kidogo ili tulale kwa nafasi. Akacheka, akanyoosha kidole juu: "Waulize hao." Darini zilipangwa boriti za mikoko, nyeusi kwa moshi na umri. Boriti ya mkoko aghalabu haivuki mita 3 hivi, basi fundi hakuwa na hiari. Kabla hajajua nani atalala chumba kipi, boriti ilikwisha kumwamulia upana.

Sikujua kama maneno yale yangenifuata mpaka kazini.

Ndugu msomaji, kazi yangu ni kuandika programu za wavuti, zile zinazofunguliwa ndani ya kivinjari na kutumiwa na ofisi nzima kwa wakati mmoja. Mwaka 2014, nikiwa kijana wa miaka 23, nilipewa kazi na chama kimoja cha akiba na mikopo Tanga. Kilikuwa na matawi 3, na wanachama wake wengi walikuwa wauza samaki, mafundi cherehani na walimu. Kumbukumbu zote zilikuwa katika madaftari makubwa yenye majalada mekundu. Nikaambiwa: ondoa haya madaftari, tuwekee kompyuta.

Kazi kama hiyo haianzwi mikono mitupu. Unachukua fremuweki, yaani kiunzi kilichokwisha kuundwa na wengine, kinachojua kupokea fomu, kuonyesha kurasa na kumtambua anayeingia. Wewe unajenga kuta. Na viunzi vilikuwepo tele: Struts, Spring, Rails, Django, Laravel. Mimi macho yangu yakaganda kwa AngularJS, iliyotoka Google mwaka 2010. Ilikuwa ndiyo habari ya mjini, bwana! Unaandika tarakimu kwenye kisanduku, na papo hapo jumla inabadilika upande wa pili wa ukurasa bila kungoja seva. Nilipowaonyesha viongozi wa chama, wakapiga makofi.

Mhasibu peke yake hakupiga. Alikuwa mzee wa kanzu siku za Ijumaa na kalamu 2 mfukoni siku zote.

"Mwanangu," akaniuliza, "hicho kiunzi chako kitadumu miaka mingapi?"

"Mzee wangu, hii ndiyo teknolojia ya kisasa. Dunia nzima inahamia huku."

"Sikuuliza dunia. Sisi tuna mikopo ya miaka 5."

Nikatabasamu lile tabasamu la kijana aliyesoma. Laiti ningejibu swali!

Oktoba ya mwaka huohuo, waundaji wa AngularJS walieleza katika mkutano kule Paris kwamba toleo la pili litaandikwa upya kabisa. Programu za zamani zisingeweza kuhamia huko hivihivi. Toleo hilo likatoka Septemba 2016. Silaumu mtu. Walisema mapema, na lile la kwanza wakaendelea kulitunza hadi mwisho wa mwaka 2021. Miaka 7 ya kuhama! Aliyelala ni mimi. Mwaka 2016 nikapata ajira Dar, mshahara mara mbili, nikafunga begi.

Hata hivyo, kosa langu kubwa halikuwa jina la kiunzi. Kanuni ya riba niliiandika ndani ya ukurasa wenyewe, katikati ya vikorokoro vya AngularJS, kwa sababu hapo ndipo tarakimu zilipocheza vizuri mbele ya watazamaji. Hesabu ya watu niliigongomelea kwenye boriti ya kuazima.

Mwaka 2018 mkutano mkuu wa chama ukabadili riba. Zamani, mkopo wa shilingi 1,200,000 wa mwaka mmoja, kwa asilimia 18, ulitozwa juu ya mkopo wote: riba shilingi 216,000. Sasa ikaamuliwa itozwe juu ya salio linalopungua, asilimia 1.5 kila mwezi. Mkopo uleule, ukilipa 100,000 ya mkopo kila mwezi, riba yake inakuwa shilingi 117,000. Uamuzi wa haki kabisa.

Kijana aliyeajiriwa baada yangu alijua React, AngularJS hakuijua. Alifungua kurasa zangu, akazifunga. Akaandika kanuni mpya upande wa seva, akatengeneza kurasa mpya za kuitumia, zangu akadhani zimekufa zote. Kumbe ukurasa mmoja, wa dirisha la malipo katika tawi dogo, ulikuwa bado hai, unapiga hesabu za zamani.

Januari 2019, mama mmoja muuza samaki alikwenda dirishani kuomba mkopo mpya. Mwanawe alikuwa anaingia kidato cha kwanza, shule ya bweni. Mkopo wa kwanza, wa ile milioni na laki mbili, alikwisha kuumaliza. Karani akatazama kompyuta, akasema: "Mama, bado unadaiwa 99,000." Foleni nzima ikasikia. Mama akasema amelipa yote. Karani akajibu kwamba kompyuta haidanganyi.

Aliyemwokoa ni yule mhasibu. Mzee hakuwahi kuacha kuandika daftari lake kwa mkono, nasi vijana tulikuwa tukimcheka pembeni. Alikaa siku 2 akilinganisha mstari kwa mstari, akakuta mama yule hakuwa peke yake. Usiku akanipigia simu.

"Mwanangu, ile nyumba uliyotujengea inavuja. Njoo."

Alfajiri nikapanda basi. Nilitaka kwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, mzee akakataa. Akanipeleka sokoni kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye kompyuta?"

Nikasema ndiyo, ni mimi. Akaendelea kupara samaki wake.

"Miaka 20 nauza hapa, sijala cha mtu. Siku ile watu walinitazama kama mwizi."

Niliomba radhi. Sikuwa na neno jingine. Mtoto alikuwa amechelewa shule wiki 3, na hizo hakuna programu ya kuzirudisha.

Kazi ya kurekebisha tuliifanya na yule kijana. Kanuni ya riba tuliitoa kwenye kurasa zote, tukaiweka katika faili moja isiyojua kiunzi chochote: inapokea mkopo na tarehe, inatoa deni, basi. Mzee alisoma tarakimu kutoka daftarini, nasi tukaipa kompyuta zilezile. Zilipopishana, tulisimama hapohapo mpaka tujue nani amekosea. Mara moja alikosea mzee. Alifurahi kupita kiasi!

Kurasa tulizijenga upya kwa Django, kwa sababu yule kijana na wenzake wawili pale Tanga waliijua, na wao ndio wangebaki. Lakini hata Django, toleo lake la kutunzwa muda mrefu hutunzwa kama miaka 3 tu, pungufu ya mkopo wa miaka 5. Wala kung'ang'ania la zamani si salama. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147 kupitia tundu katika Struts. Kiraka cha tundu hilo kilitolewa Machi, wezi wakaingia Mei. Kwa hiyo tulijua tangu siku ya kwanza kwamba tutahama tena, tukajenga kwa namna ambayo tukihama, deni la mama wa samaki halitaguswa.

Nyumba ya Pangani bado imesimama. Boriti za chumba cha kati zililiwa na mchwa, mjomba akazitoa moja moja akaweka nyingine. Kuta hazikuguswa.

Juzi kijana mmoja anayeanza kazi aliniuliza: "Kaka, kuna ofisi imenipa mradi mkubwa. Nichukue kiunzi gani?" Majina yalinijia mdomoni, yote ya kisasa. Nikayameza.

"Kwanza niambie," nikamwuliza, "mikopo yao ni ya miaka mingapi?"