Saa Tatu Zilizopotea Nansio

Nimeishi Mwanza miaka 11, nikiiona meli ya Ukerewe ikiondoka Bandari ya Kaskazini na kurudi, na sikuwahi kuipanda. Nilichokijua vizuri kuhusu kisiwa kile ni kompyuta tisa za kituo cha jamii mjini Nansio, na hizo nazo nilizijua kwa orodha tu: aina yake, umri wake, toleo la kivinjari cha Firefox lililomo. Zote zinasoma faili moja ambalo mimi na wenzangu watatu tunalitunza kwa kujitolea.

Kilichonivusha ziwa ni ujumbe wa mama mkutubi wa kituo hicho. "Mwanangu," aliandika, "kompyuta zenu zinadanganya saa. Ziko nyuma kwa saa tatu." Tulimjibu kwa heshima kwamba jambo hilo tulilijua na tulikwisha kulirekebisha wiki tano nyuma, ahakikishe tu faili jipya limeingia. Siku mbili baadaye akaandika neno moja: "Bado." Nikakata tiketi.

Faili lenyewe si kitu cha ajabu kulitazama. Firefox huhifadhi mipangilio ya kila mtumiaji ndani ya folda ya wasifu wake, katika faili liitwalo prefs.js. Ukiweka pembeni yake faili jingine, user.js, kivinjari hulisoma kila kinapofunguliwa, na kilichoandikwa humo ndicho hushinda. Ni maandishi matupu: mstari mmoja, mpangilio mmoja, mwishoni nukta mkato. Mstari mmoja unaamuru kurasa zifunguliwe kwa HTTPS tu. Mwingine unakikataza kivinjari kuhifadhi nywila. Mwingine unafuta vidakuzi vyote mtu anapofunga kivinjari. Yote haya mtu anaweza kuyabadilisha kwa mkono, kitufe kwa kitufe, lakini nani atafanya hivyo kwenye kompyuta tisa, na kurudia kila mwaka? Faili moja lililoandikwa vizuri hunakiliwa kote.

La kwetu tulilianza kwa kujifunza kutoka mradi wa arkenfox, ambao zamani ulijulikana kwa jina la ghacks. Wao hulipitia upya faili lao kadiri Firefox inavyobadilika, nayo hubadilika mara kwa mara: toleo jipya hutoka takriban kila wiki nne. Toleo la 128, la Julai 2024, lilileta majina mapya kwa mipangilio ya kufuta data wakati wa kufunga, nasi tukakaa usiku kuandika mistari mipya. Mstari wenye jina lililostaafu haulalamiki. Unabaki pale, unasomeka vizuri, na haulindi mtu.

Meli iling'oa nanga saa tatu asubuhi. Sitaha ya chini ilijaa mabati, magodoro, kreti za soda na vifaranga waliopiga kelele tangu bandarini. Jiwe la Bismarck likabaki nyuma, kisha mji wote ukawa mawe tu. Nilikaa karibu na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akirudi kwao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Safari ya kwanza?"

Nikakubali. Akaniuliza nimebeba nini kwenye begi ninalolipakata hivyo, nikamwambia laptopu. Baada ya kitambo akanyoosha mkono kuelekea mtumbwi wa tanga uliokuwa mbali sana, doa jeupe juu ya maji.

"Ule wa shemeji yangu."

"Umeujuaje, mzee? Hata mtu aliyemo haonekani."

"Kiraka. Tanga lake lina kiraka cha mfuko wa unga huku chini. Mwenye kiraka kama kile hayupo mwingine."

Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta namna ya kueleza jambo hili kwa watu tunaowahudumia, na mzee alinipa bila kujua. Kivinjari nacho kina viraka vyake: ukubwa wa skrini, aina za herufi zilizomo, lugha, saa za eneo, namna kadi ya picha inavyochora. Hakuna kimoja kinachotaja jina lako. Vikiwekwa pamoja, vinakutambulisha toka mbali. Mwaka 2010, shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani lilichapisha matokeo ya kupima vivinjari takriban 470,000 vilivyotembelea ukurasa wake wa majaribio, na asilimia 83.6 vilikuwa na mchanganyiko ambao hakuna kivinjari kingine kati ya hivyo kilichokuwa nao. Hapo hata kufuta vidakuzi hakukufichi, kwa sababu kiraka kimo kwenye tanga lenyewe.

Dawa mojawapo ni kuwapa wavuvi wote tanga la aina moja. Ndiyo njia ya Tor Browser, na kutoka huko Firefox ilipokea mpangilio uitwao privacy.resistFingerprinting. Ukiuwasha, kivinjari huziambia kurasa mambo yaleyale kwa kila mtu. Mojawapo ni saa: badala ya saa za Afrika Mashariki, ukurasa huambiwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Mwandishi wa habari anayemficha aliyemwamini kwa siri anauhitaji ulinzi huo na atavumilia usumbufu wake. Sisi tuliuwasha kwa vituo vyote kwa nia njema, bila kumuuliza hata mmoja wa wanaokaa mbele ya kompyuta zile.

Tulifika Nansio baada ya saa sita mchana. Dagaa walikuwa wameanikwa, harufu yao ikinisindikiza tangu gatini hadi barabarani. Nilitembea hadi kituoni huku nikiulizia njia, na kila niliyemuuliza alinijibu kwanza kwa kunijulia hali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole na maji. Umekula?"

Nilisema nimekula. Hakunisikiliza, aliagiza sato na ugali wa muhogo, na tukaanza kazi nikiwa nimeshiba.

Alinieleza habari za katibu wa kikundi cha akina mama wanaouza dagaa. Dada huyo alipanga miadi ya simu ya video na mnunuzi kupitia ukurasa wa kupangia miadi. Akachagua saa nne asubuhi. Ukurasa, ukiamini saa iliyoambiwa na kivinjari chetu, ukaielewa kuwa saa nne ya UTC, na mnunuzi akapokea mwaliko wa saa saba mchana. Dada akasubiri tangu saa nne mpaka saa sita kasoro, akaondoka kuwahi mzigo. Saa saba mnunuzi akapiga, hakuna aliyepokea. Mara ya pili yakawa yaleyale, na mnunuzi akaenda kwingine.

"Saa ya ukutani ilikuwa sawa," mama mkutubi alisema. "Saa ya pembeni mwa kompyuta ilikuwa sawa. Nani angeshuku?"

Nilifungua kompyuta ya kwanza. Pembeni ya skrini: saa nane na dakika kumi. Ndani ya ukurasa: saa tano na dakika kumi. Nikafungua faili letu. Lilikuwa jipya, na mstari wa resistFingerprinting tulikuwa tumeuondoa, kama tulivyosema. Nikaandika about:config, nikatafuta mpangilio wenyewe. Ulikuwa umewashwa, umeandikwa kwa herufi nzito, alama ya kwamba umebadilishwa.

Hapo nikaelewa. Mstari unaposomwa kutoka user.js, Firefox huunakili ndani ya prefs.js yake. Ukiufuta kutoka user.js, nakala ile inabaki. Kivinjari hakijui kama umekosekana kwa kuwa umebadili mawazo au kwa kuwa hukuwahi kuuandika; kinashika la mwisho kililoambiwa. Arkenfox wana programu ndogo maalumu ya kusafisha prefs.js kwa sababu hii hasa, nasi tuliisoma habari yake tukaipita. Kule Mwanza tulipima faili jipya kwenye wasifu mpya usio na kumbukumbu yoyote, tukaona saa ziko sawa, tukamwandikia mama wa watu kwamba tatizo limekwisha. Tulifuta agizo, hatukulitangua.

Nilirudisha mstari, safari hii ukiamuru mpangilio uzimwe, nikafunga kivinjari na kukifungua tena. Saa nane na dakika ishirini na tano, ndani na nje. Nikarudia mara nane nyingine, nikisubiri kila mtu amalize shughuli yake ndipo niombe kiti.

Nilidhani nimemaliza kazi. Mama mkutubi akafungua droo, akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu. Tangu faili letu lifike, alikuwa akiandika kila kilichoharibika: tarehe, tovuti, na tatizo. "Fomu ya mkopo inarudi mwanzo." "Ramani haichoreki." "Video ya somo inakataa." Maandishi ya wino, kurasa nne, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwomba.

Jioni ile tulikaa na daftari upande mmoja na faili upande mwingine. Ramani ilikuwa mstari wetu unaozima WebGL. Video ilikuwa mstari unaozima uchezaji wa filamu zilizofungwa kwa leseni. Fomu iliyorudi mwanzo ilitokana na vidakuzi vilivyozuiwa kati ya tovuti mbili zinazotegemeana. Karibu kila malalamiko yalikuwa na mstari wake. Tuliamua moja baada ya jingine: huu ubaki kwa sababu unalinda, huu utolewe hapa Nansio tu. Ya Nansio tuliyaandika kwenye faili dogo la kituo, linaloungwa chini ya faili la wote, kwa kuwa mpangilio ukitajwa mara mbili wa chini ndio hushinda.

Mstari mmoja mama mkutubi hakukubali kuuachia, ule wa kufuta vidakuzi. Kabla ya faili letu, alisema, mwalimu mmoja aliondoka bila kutoka kwenye barua pepe yake, na kijana aliyefuata akazisoma zote, mpaka habari za ugonjwa wa mwalimu zikafika sokoni. Katiba yetu, ibara ya 16, inatambua haki ya faragha, na tangu Mei 1, 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Vyote viwili havikuwa na mkono wa kufikia kiti kile siku ile. Mstari wa kufuta vidakuzi unao, ila kwa sharti moja ambalo sisi hatukuwa tumelieleza popote: hufanya kazi kivinjari kinapofungwa. Watu walikuwa wakiinuka tu na kuondoka. Yeye aligundua mwenyewe, akaanza kupita kila mtu anapotoka, akifunga kwa mkono wake.

"Faili lenu linafagia mlango ukifungwa," aliniambia. "Mfunga mlango ni mimi."

Nililala Nansio na kurudi kwa meli ya asubuhi. Njiani nilitazama matanga, nikajaribu kuona viraka. Kwa macho yangu yote yalikuwa meupe tu.

Nilipofika Mwanza niliandika juu ya ule mstari, baada ya mikwaju miwili inayokiambia kivinjari kwamba haya ni ya binadamu: "Usiufute. Kompyuta za zamani bado zinakumbuka. Ulimgharimu mtu mnunuzi." Kisha tukapiga simu kwenye vituo vingine saba vinavyotumia faili letu, tukiomba kila kimoja kifungue ukurasa wenye saa na kuilinganisha na ya ukutani. Vitatu vilikuwa nyuma kwa saa tatu. Hakuna hata kimoja kilichowahi kutuandikia.

Wiki hiyo tulinunua madaftari saba.