Bomba Tatu Hazitoshi

Manowari ya kwanza aliyoichonga ilikuwa na bomba tatu, na kwake hilo lilitosha. Ilikuwa Nyeri, mwishoni mwa miaka ya sabini, naye akiwa mvulana ambaye bahari hajaiona. Kiunzi kilikuwa kipande cha mtarakwa kutoka karakana ya seremala, sitaha ni bati la kopo la Kimbo, mizinga ni spoki za baiskeli. Meli yenyewe aliijua kwa jina walilolibuni watu wa pwani walipoiona Königsberg ya Wajerumani ikiwasili Dar es Salaam Juni 1914: Manowari na bomba tatu.

Jina hilo alilitoa kwa guka wake, yaani babu yake, mmoja wa Kariokor, wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliokusanywa mwaka 1917, ofisa wa kikoloni John Ainsworth aliposimamia msako wao mkubwa. Guka hakuiona meli kamwe. Ilikuwa imeshazama katika delta ya Rufiji tangu tarehe 11 Julai 1915, baada ya manowari za Waingereza Severn na Mersey kuishambulia. Ila Wajerumani waliiopoa mizinga yake yote kumi, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, na vita vikaendelea nayo porini. Milio yake ndiyo guka aliyoikumbuka.

Ukubwani mchongaji wetu alishuka Mombasa. Nje ya Fort Jesus umewekwa mzinga mmoja wa Königsberg, na karibu yake mmoja wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Huko ndiko spoki zilikokwisha heshima. Kwa kipimo cha 1:200 anachokitumia, spoki ya milimita 2 ni sawa na mtutu wenye unene wa sentimita 40, ilhali tundu la mzinga ule ni sentimita 10.5 tu. Alihamia kwenye sindano za kushonea.

Intaneti ilipofika ikamletea picha na michoro, na pamoja navyo mabishano. Königsberg ilikuwa na ndugu watatu: Nürnberg, Stuttgart na Stettin, wote wa bomba tatu, na picha zao huchanganywa ovyo. Lakini yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 115.3, wao wakiizidi kwa mita 2 hivi. Kwenye meza yake tofauti hiyo ni sentimita moja. Mgeni hataiona, yeye ilimfanya akitupe kiunzi kizima na kuanza kingine.

Swali lililomsumbua zaidi lilikuja baadaye, nalo ndilo la maana kuliko vipimo vyote: meli ya tarehe gani? Iliyotia nanga Dar es Salaam Juni 1914 ilikuwa nadhifu, yenye kupokea wageni. Iliyojificha Rufiji ilikuwa na matawi yaliyofungwa ili isionekane, na baadhi ya silaha ndogo na mabaharia wake walikuwa wameshushwa kulinda mikono ya mto. Vipande vya boila vilivyoharibika vilikokotwa nchi kavu na Waafrika hadi Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa vivyo hivyo. Vitabu vya wapenzi wa manowari huwa na kurasa nyingi za ukubwa wa boila, na mstari mmoja wa waliozikokota.

Amechagua Rufiji, na kando ya meli anapanga mistari ya wakokotaji. Mtu mzima katika kipimo chake ana urefu wa milimita 8 au 9, na kamba zao huzisokota kwa uzi wa cherehani. Rafiki yake wa Nanyuki, mtengenezaji wa ndege za vita, humcheka waziwazi: nyaya zote hizo, ngazi zote hizo, halafu unazifunika majani?

“Ndiyo,” humjibu, “hata Waingereza walihitaji ndege kuiona.”