Dawa Iafikiane na Ugonjwa



Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza tujitibu, akatufunza kwamba kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ikiafikiana na ugonjwa, mgonjwa hupona kwa idhini ya Allah. Wengi wetu tumelihifadhi neno la mwanzo, tukalisahau sharti la kuafikiana.

Hivi karibuni tulikwenda Ruiru kutoa darsa kwa kina mama. Baada ya darsa, mmoja wao alitueleza kuwa bintiye alipata homa ya matumbo, akaandikiwa dawa ya kuua bakteria huko Thika. Binti alipopata nafuu siku ya tatu, mama alizihifadhi zilizosalia. Mdogo wake aliposhikwa na mafua, akapewa hizo hizo. Mama alitenda kwa huruma, wala hatumlaumu. Lakini watoto wote wawili walikosa haki yao: mmoja alikatiziwa dawa inayomfaa, na mwingine akapewa isiyomfaa.

Bakteria ni kiumbe hai kidogo mno, kinachojilisha na kujigawa chenyewe. Wengine wana manufaa, kama wale wanaogandisha maziwa yakawa mtindi. Wengine huleta kifua kikuu, homa ya matumbo na kipindupindu. Kirusi ni kidogo zaidi, wala hakiwezi kuzaana peke yake: huingia ndani ya chembe hai ya mwili na kuitumikisha imtengenezee wenziwe. Mafua, surua, polio na korona hutokana na virusi.

Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, huwaua bakteria kwa kuharibu ukuta unaowazunguka. Kirusi hakina ukuta huo; basi dawa hiyo itabomoa nini?

Katika Kaunti ya Kiambu, ambamo imo miji ya Thika na Ruiru, kipindupindu kilizuka Oktoba 2022, kikahusishwa na harusi iliyofanyika Limuru. Hicho ni cha bakteria. Kuhara kwa watoto wachanga, aghalabu, huletwa na virusi vya rota, ambavyo chanjo yake ilianza kutolewa nchini mwaka 2014. Mama akitazama nepi hawezi kupambanua hiki na kile. Katika hali zote mbili, la kwanza ni kumrudishia mgonjwa maji na chumvi, kisha kumkimbiza kituo cha afya.

Dawa za bakteria zikitumiwa ovyo, bakteria wenye nguvu husalia na kuzaana, wakawa sugu. Siku mtoto atakapopatwa na nimonia, dawa iliyokuwa ikimponya huenda isifue dafu. Na usugu huo haubaki nyumba moja. Humfikia jirani pia, naye jirani ana haki juu yetu.

Kwa hiyo, enyi kina mama, msigawane dawa, msinunue za bakteria bila cheti cha daktari, na mzitumie kama mlivyoelekezwa hata nafuu ikija mapema. Mtoto mwenye mafua apewe maji, anyonye na apumzike. Akipumua kwa shida, akishindwa kunyonya, akilegea au akipata degedege, msingoje kupambazuke.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.