Kutoka Kasungami, nyuma ya Otto

Mwaka 2012 mwandishi Mmarekani Eliot Schrefer alitoa riwaya ya vijana iitwayo Endangered, ikafika hatua ya mwisho ya tuzo ya National Book Award. Msimulizi wake ni Sophie, msichana wa miaka 14 ambaye mama yake Mkongomani anaendesha makimbilio ya bonobo, nyani wakubwa walio ndugu wa sokwe, karibu na Kinshasa. Njiani anamkuta mtu anauza mtoto wa bonobo aliyedhoofika. Huruma inamzidi, anatoa pesa, anamchukua na kumpa jina Otto. Muda si mrefu yule muuzaji anarudi na bonobo wengine, maana amekwisha kujua mteja alipo.

Kisa hicho niliwasimulia vijana wa Kasungami, mtaa wa pembezoni mwa Lubumbashi katika komini ya Annexe. Walikisikiliza kimya mpaka vita vilipozuka na Sophie akajificha na bonobo nyuma ya uzio wa umeme. Hapo msichana mmoja akanikatiza: “Yaya, hii ni ya kweli ao ya kutunga?” Nilipomjibu kwamba ni yote mawili, hakuridhika. Akataka nimtenganishie, hiki na kile.

Basi Jumamosi tukapanda taxi-bus kuelekea mjini: mimi, yeye na vijana wengine wawili. Vumbi jekundu, vichuguu vikubwa kama nyumba, baiskeli zilizolemewa magunia ya makaa. Mbele, bomba refu la moshi la kampuni ya Gécamines na mlima wake mweusi wa masalia ya shaba. Humu garini ndimo nilimoanza kutenganisha.

Makimbilio ya riwayani yametokana na Lola ya Bonobo, nje kidogo ya Kinshasa. Claudine André, mama wa Kibelgiji aliyekulia Kongo, alianza kuwapokea bonobo yatima katika miaka ya 1990, na tangu 2002 makimbilio yako kwenye maporomoko ya Lukaya. Schrefer alikwenda huko kwa ajili ya riwaya yake. Wale mama walezi anaowaeleza wapo kweli: kila mtoto anayeletwa hukabidhiwa mwanamke wa kumbeba, kumnywesha maziwa na kulala naye usingizi wa mchana, kwa sababu mtoto wa bonobo asiye na mwili wa kushikilia huweza kufa kwa huzuni hata akiwa na chakula tele. Hata mpango wa kuwarudisha msituni haukubuniwa. Kundi la kwanza lilipelekwa mwaka 2009 katika msitu wa Ekolo ya Bonobo, kaskazini-magharibi mwa nchi. Vita vya kitabuni ndivyo vya kutunga, ingawa Mkongomani yeyote atavitambua.

“Hapa kwetu wako?” akauliza kijana mmoja. Bonobo, hapana. Ni wa Kongo peke yake duniani kote, nao wanaishi kusini mwa mto Kongo tu, kwenye misitu ya mvua. Ndugu zao sokwe wako ng'ambo ya pili ya mto, na mashariki. Lubumbashi ni nchi ya miombo. Sokwe mchanga anayeonekana hapa ameletwa na mlanguzi kutoka mbali. Ili kumpata, majangili humuua mama yake kwanza, na mara nyingi wengine wanaomtetea.

Ndiyo maana tulishuka mjini, kwenye bustani ya wanyama. Mji huu una makimbilio yake humo bustanini, J.A.C.K., yaliyoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau kwa ajili ya sokwe walionyang'anywa walanguzi. Muda mfupi baada ya kufunguliwa yalichomwa moto usiku, na sokwe wakafa humo. Wenyewe hawakuacha kazi.

Na hapa ndipo Lubumbashi ilipoipita riwaya. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Septemba 2022, watu waliingia humo wakaiba sokwe watatu kati ya watano wachanga. Wakamtumia mama Roxane ujumbe na video ya watoto hao, wakidai fedha nyingi, la sivyo watawaua. Walisema hata walikuwa wamepanga kuwateka watoto wa familia. Wenye makimbilio walikataa kulipa.

Nilipomaliza kuwasimulia, hakuna aliyesema neno kwa muda. Kwangu mimi, ukweli mkubwa wa kitabu cha Schrefer uko pale barabarani, Sophie anapotoa pesa: analipa kwa upendo mtupu, na malipo yenyewe yanamrudisha mwindaji msituni. Sheria ya Kongo ya mwaka 2014 ya kuhifadhi maumbile inakataza biashara hiyo, lakini sheria haiko pale mtoto anapolia mbele yako.

Njia nzima ya kurudi walibishana. Kijana mmoja alisema angelipa, tena angekopa. Msichana akamgeukia: “Ukilipa leo, kesho wanarudi kuchukua wale wawili waliobaki.” Kijana akamuuliza, je, kama ni wewe uliyemlea, uliyemnywesha maziwa usiku? Akajibu kwamba ndiyo sababu Sophie alikosea, na ndiyo sababu yeye hawezi kumlaumu. Abiria mmoja, mama aliyekuwa na beseni la nyanya, akaomba aelezwe huyo Sophie ni mtoto wa nani, wakaanza kumsimulia upya.