Darubini Iliyodhani Iko New York

Sisi watu wa mjini tuna haraka sana ya kutangaza vifo vya mashine. Redio ikikoroma kidogo, "imekufa." Simu ikigoma kuwaka, "imekufa hiyo, tafuta nyingine." Fundi naye akishasema ubongo wa mashine umeungua, nani atambishia? Leo, ndugu msomaji, nataka nikusimulie habari ya mashine moja iliyotangazwa maiti hali ya kuwa ni nzima kabisa. Ni darubini ya kutazamia nyota, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: ukiituma huku, yenyewe inatazama kule.

Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, Kigamboni, aliyewafundisha hesabu wengi wetu. Aliletewa na binti yake kutoka Marekani, ikiwa imeshatumika. Si ile ya kuzungusha kwa mkono. Hii ina mota mbili kwenye kitako chake, moja ya kuipeleka kushoto na kulia, nyingine ya kuiinua na kuiinamisha, na ina kidude chenye vitufe mfano wa rimoti ya televisheni. Unachagua jina la nyota au sayari, unabonyeza, mashine inajipeleka yenyewe. Raha tupu, ikikubali.

Haikukubali. Ilikuwa Oktoba 2023, Zuhali inaonekana vizuri kila jioni, na Mwalimu alikuwa amewaahidi watoto wa mtaa kuwaonyesha pete zake. Kila akiituma, darubini inageuka na kutazama mapaa ya majirani. Akaitwa fundi. Akafungua, akachungulia, akafunga, akasema kadi imeungua na hapa nchini haipatikani. Watoto wakaanza kumwita Mwalimu muongo, kwa sauti ya chini lakini anasikia. Mwisho mzee wa watu akachoka, akapatana na mnunuzi wa vyuma chakavu: Jumatatu aje aichukue.

Jumamosi ya tarehe 7 nikapita kwake jioni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Njoo uiage hii, inaondoka."

Nikamwomba jambo moja tu: aiwashe, niione inavyokosea. Maana fundi aliikagua ikiwa imezimwa! Hakuna aliyewahi kukaa na kulitazama kosa lenyewe.

Tukaituma kwenye Zuhali mara tatu mfululizo. Mara zote tatu ilisimama palepale: kusini mashariki, kiasi cha nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho. Zuhali yenyewe tulikuwa tunaiona kwa macho yetu, juu kabisa upande wa mashariki, karibu nyuzi 70. Hapo nikapata tumaini. Kitu kilichoungua hukosea ovyo, au kinagoma kabisa. Lakini anayekosea namna ileile kila mara huyo si mwendawazimu. Huyo kuna jambo analiamini.

Sasa, darubini ya namna hii inaamini nini? Kwanza ujue kwamba haina jicho la kutafutia nyota. Haizioni. Inakokotoa. Wewe unaiambia uko wapi duniani, tarehe gani, saa ngapi. Unaisimamisha sawasawa na kuielekeza kaskazini. Basi, kwa habari hizo inapiga hesabu Zuhali iko upande gani na juu kiasi gani. Ukiidanganya kwa kimoja, itakutii kwa uaminifu wote na kukupeleka siko.

Tukaanza na yaliyo rahisi. Tukaazima pimamaji kwa jirani mwashi, tukaisawazisha miguu yake mitatu. Kaskazini tukaitafuta kwa dira, tena mbali na geti la chuma, kwa sababu chuma huivuta sindano. Vitabu vingi husema elekeza kwenye Nyota ya Kaskazini. Hayo ni ya watu wa huko. Sisi wa Dar tuko kusini ya Ikweta, nyota hiyo iko chini ya upeo wetu siku zote.

Kisha nikafungua ukurasa wa mahali. Nikasoma, nikamgeuzia Mwalimu asome mwenyewe. Kumbe! New York. Nyuzi 40 Kaskazini, nyuzi 74 Magharibi.

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Binti alipoifunga kwenye sanduku, ilifungwa na anwani yake ya zamani. Na kwa mtu aliyesimama New York saa kama ile ya jioni, Zuhali kweli ilikuwa chini chini, kusini mashariki. Darubini ilikuwa inaiona Zuhali ya New York ikiwa imesimama Kigamboni.

Tukaandika nyuzi 6 dakika 49 Kusini, nyuzi 39 dakika 17 Mashariki. Kanda ya saa tukaitoa kwenye -5 tukaiweka +3, maana ukiiacha umekosea masaa 8. Yale mambo yao ya kusogeza saa wakati wa kiangazi tukayafuta, kwetu hayapo. Tukazima, tukawasha. Mashine hii ikizimwa husahau saa, kwa hiyo dogo mmoja, mjukuu wa jirani, akapewa heshima ya kuiandika. Tukabonyeza.

Ikaenda magharibi. Upande wa pili kabisa! Watoto wakaguna, na mtu mzima mmoja akasema, "Si niliwaambia imekufa?"

Safari hii aliyeng'amua ni Mwalimu. "Mjukuu wangu, umeandika saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika ishirini, babu. Si ndiyo saa yenyewe?"

Ndiyo saa yenyewe. Dogo hakukosa hata kidogo. Sisi tunahesabu saa kuanzia kunapokucha na kunapokuchwa, na huku karibu na Ikweta, ambako jua halibadili sana zamu yake, hesabu hiyo ina akili kuliko nyingine zote. Lakini mashine haijui Kiswahili. Ilielewa 2:20, usiku wa manane, masaa 18 nyuma. Mwalimu akasimama kama yuko darasani: dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa, masaa 18 ni nyuzi 270, yaani kasoro robo ya mzunguko mzima. Anga yote ilikuwa imepinda nyuzi 90.

Tukaandika 20:25. Mota zikalia, bomba likapanda juu, mashariki, likatulia. Ilikuwa pembeni kidogo, tukaivuta katikati kwa vitufe. Watoto wakapanga foleni. Pete zilikuwepo.

Mnunuzi alikuja Jumatatu, akarudi na mkokoteni mtupu.

Tangu hapo, mtu akiniambia kitu kimeharibika, nauliza kwanza: kinakosea vipi? Ni ileile kila mara? Na chenyewe kinadhani kiko wapi? Maswali hayo hayagharimu hata senti, na yameokoa kitu kilichokuwa kinakwenda kuyeyushwa.

Nawaambia haya hasa ninyi wenzangu tunaoandika. Tunasomeana miswada kijiweni, na hukumu yetu ni ileile ya fundi: "Mbovu hii, tupa." Mhusika anaishi Tandika, lakini wasiwasi wake, chakula chake, hata hali ya hewa moyoni mwake, vyote vimetoka kwenye sinema za ng'ambo. Lugha haina kasoro, mota zinazunguka vizuri. Hadithi hiyo haijafa. Inadhani iko New York. Usiitupe, ndugu yangu. Fungua ukurasa wa mahali, andika ulipo. Halafu andika saa, ila hapo mhusika wako akisema saa mbili usiku, mwache aseme hivyohivyo. Msomaji wako anajua Kiswahili.