Mstari wa Shilingi 270,000

Mei Mosi ya 2025 pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, simu yangu huku Leicester haikutulia. Dada yangu ni mhudumu wa ofisi wa ngazi ya chini kabisa, anakaa Msasani Bonde la Mpunga, na mshahara wake ndio unaolisha nyumba nzima. Nyongeza ya asilimia 35.1 si haba. Nilifurahi naye.

Kisha akanitumia picha ya slipu yake mpya. Nilikwenda moja kwa moja kwenye PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Zamani alikatwa 6,520, sasa 16,400. Hesabu yake ni hii: unatoa kwanza asilimia 5 ya mchango wa pensheni wa PSSSF, halafu kinachozidi 270,000 kinakatwa asilimia 8. Mshahara umepanda kwa theluthi na ushee, kodi imepanda mara mbili na nusu. Mhasibu hakukosea, na viwango vya PAYE havikuguswa. Kilichotokea ni kwamba mshahara ulisogea, mstari wa 270,000 ukabaki palepale.

Sisi tumezoea kupigia makofi asilimia. Mei Mosi ya 2016 Dodoma, Rais Magufuli alitangaza kushusha kiwango cha chini cha PAYE kutoka asilimia 11 hadi 9. Mei Mosi ya 2021 Mwanza, Rais Samia akakishusha hadi 8. Ni mambo mema, lakini kwa mwenye 370,000 ile asilimia moja ya 2021 haikuzidi shilingi elfu moja kwa mwezi. Nafuu kubwa zaidi ililetwa na Sheria ya Fedha ya 2020, iliyosogeza mstari kutoka 170,000 hadi 270,000. Ukiacha michango ya pensheni, mtu wa 270,000 aliyekuwa akikatwa 9,000 kila mwezi aliacha kukatwa kabisa. Hadi bajeti ya 2025/26 mstari huo ulikuwa haujasogezwa tena. Nauli ya daladala ya masafa mafupi Dar, kwa upande wake, ilitoka 500 ikafika 600 Desemba 2023.

Huku Uingereza nako mambo ni hayo hayo. Msamaha wa kodi, yaani pauni 12,570 za mwaka zisizokatwa kodi, umegandishwa tangu Aprili 2021. Kwanza tuliambiwa hadi 2026, kisha 2028, sasa 2031. Sisi tunaofanya kazi za kutunza wazee tunalijua hilo mfukoni. Kwa saa 37.5 za wiki, mtu wa kima cha chini alilipa kodi ya mapato ya pauni kama 960 kwa mwaka 2021. Kufikia 2025 alikuwa analipa zaidi ya 2,200, ilhali malipo yake ya saa yalikuwa yamepanda kutoka 8.91 hadi 12.21 tu.

Tofauti iko kwenye sheria. Mwaka 1977 wabunge wawili wa Labour, Jeff Rooker na Audrey Wise, waliikaidi serikali ya chama chao wenyewe na kufanikisha kifungu kinachotaka msamaha huo upande kila mwaka pamoja na mfumuko wa bei, isipokuwa Bunge liamue vinginevyo. Kwa hiyo waziri anayetaka kuugandisha lazima asimame, aseme, apigiwe kura na asutwe na magazeti. Kwetu anahitaji kukaa kimya tu.

Kuna pia suala la familia. Uingereza wanandoa wanaweza kuhamishiana sehemu ya msamaha, ikawapunguzia hadi pauni 252 kwa mwaka, na kuna posho ya watoto. Posho hiyo ina kasoro: tangu Aprili 2024 wazazi wawili wanaopata pauni 59,000 kwa mwaka kila mmoja huichukua yote, na nyumba yenye mshahara mmoja wa 80,000 huipoteza yote. Dada yangu analea wanawe wawili, mtoto wa marehemu kaka yetu na mama mwenye presha. Mwenzake wa ngazi ileile anayeishi peke yake anakatwa sawasawa na yeye. Hata hivyo sitamani tuige posho ya huku. Familia ya Msasani haiishii kwenye vyeti vya kuzaliwa, na yule mtoto wa kaka ndiye angekuwa wa kwanza kuachwa nje ya fomu. Kusogeza mstari kunamfikia kila mtu bila kuulizwa karatasi.

Ninachotaka ni kifungu kimoja katika Sheria ya Kodi ya Mapato: mstari upande kila Julai kwa mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), na Bunge likitaka kuuzuia lipige kura hadharani. Kamati ya Bunge ya Bajeti husikiliza maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha kila Juni. Vyama vya wafanyakazi vipeleke hoja hiyo pale, na ninyi mlioko nyumbani mbaneni mbunge wenu kabla bajeti haijasomwa.